Rauta imegoma baada ya kusasisha femwea: usiitupe bado

Mkuu, umesema umeme ulikatika katikati ya kusasisha femwea (programu ya ndani inayoiendesha rauta), sasa rauta inawasha taa moja tu, jina la waifai halionekani, na fundi amekushauri ununue nyingine. Subiri kwanza. Nyingi nilizoletewa hapa Morogoro zikiwa katika hali hiyo zimerudi kazini.

Chipu ya fleshi (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) ndani ya rauta imegawanywa vipande. Cha mwanzo kina programu ndogo ya kuwashia, butiloda, ambayo masasisho ya kawaida mara nyingi hayaigusi. Kilichoharibika kwako, kwa dalili ulizotaja, ni femwea inayofuata baada yake. Rauta nyingi zikiwashwa huku kitufe cha riseti kimebonyezwa, butiloda huuliza kwenye waya: nani ana faili langu? Kazi yako ni kuijibu.

Kila modeli ina utaratibu wake. Kwa TP-Link Archer C7 v2, kwa mfano, kompyuta unaipa anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao) 192.168.0.66, unafungua programu ya seva ya TFTP (njia rahisi ya kupitisha faili kwenye waya), na faili la femwea unalipa jina ArcherC7v2_tp_recovery.bin. Ukikosea herufi moja halichukuliwi. Chomeka waya wa mtandao kutoka kwenye kompyuta hadi tundu la LAN (la mtandao wa ndani) la rauta, bonyeza riseti, washa, endelea kushikilia sekunde kumi hivi. Ukiona faili limechukuliwa, achia na uiache ijiandike. Usiizime hata kama inaonekana imelala; mimi huipa dakika tano nzima.

Mara yangu ya kwanza nilikesha. IP sahihi, jina sahihi, faili halichukuliwi. Asubuhi ndipo nilipogundua kwamba fayawoli ya Windows (kinga inayozuia mawasiliano) ilikuwa inaizuia TFTP. Nikaizima, bado. Tatizo la pili lilikuwa gumu zaidi kulishtukia: rauta ikizimwa, kompyuta huona waya umekufa na tundu lake linalala. Rauta ikiwaka, kompyuta inachelewa kuamka, na zile sekunde chache ambazo butiloda inasubiri zimeshapita. Dawa ni kuweka swichi ndogo ya mtandao (kigawanyio cha waya) katikati, hata ya matundu matano, ili upande wa kompyuta ubaki hai muda wote. Faili likachukuliwa mara moja. Tangu siku hiyo swichi ile haitoki kwenye begi langu.

Kabla ya kupakua chochote, geuza rauta usome toleo kwenye kibandiko: V1, V2, V4. Jina la biashara ni lilelile lakini vifaa vya ndani vinaweza kuwa tofauti kabisa. Na ukishaifufua, iweke kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme) ndipo usasishe tena, kwa waya, si kwa waifai.

Usiache kusasisha kwa kuogopa. Mwaka 2018 kirusi VPNFilter kilikutwa kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zaidi ya 50, vingi vyake rauta za nyumbani na ofisi ndogo zenye matundu ya usalama yaliyokuwa yanajulikana tayari. Kama mtengenezaji ameshaitelekeza modeli yako, tazama OpenWrt (femwea huria ya rauta), ila kagua uwezo kwanza: zenye fleshi ya MB 4 na RAM ya MB 32 ziliachwa baada ya toleo la 19.07.

Kuhusu ile seva kuukuu uliyoigusia mwishoni mwa swali lako: kabla ya kusasisha bayosi (programu ya kuwashia kompyuta), piga picha kila ukurasa wa mipangilio kwa simu. Niliwahi kusasisha seva ya shule, ikawaka vizuri lakini ikasema haina diski. Mwenye kazi alikuwa tayari kukubali tuiwekee mfumo upya, na humo mlikuwa na matokeo ya wanafunzi. Kumbe sasisho lilirudisha mipangilio ya kiwandani, na diski zilizokuwa kwenye RAID (diski kadhaa zikifanya kazi kama moja) zikawa zinasomwa kwa AHCI (kila diski peke yake). Nikairudisha RAID, kila kitu kikawepo. Badilisha pia betri ya CR2032, ile ndogo ya duara inayotunza saa ya kompyuta. Ikifa, saa inarudi nyuma miaka mingi na vyeti vya usalama vinakataliwa.

Andika hapa modeli na toleo lililo kwenye kibandiko, na taa ipi inawaka: inakaa au inapepesa? Nitakutajia jina la faili na IP ya kuweka.