Dagaa wapo, uji wa lishe upo, mbona mtoto hapandi uzito?

Mkuu, umeuliza kwa nini mtoto wa ndugu yako huko Igombe anazidi kushuka kwenye kadi ya kliniki wakati baba ni mvuvi na unga wa lishe hauishi ndani. Nimekuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Mwanza, nyumba za namna hiyo nimeingia nyingi. Waliokujibu wote wamekuelekeza uongeze soya na karanga. Mimi nasema achana na sufuria kwanza, uliza huyo mtoto anashindaje.

Mama wa mwaloni, yaani anayefanya kazi kwenye soko la samaki kando ya ziwa, anatoka alfajiri kuwahi dagaa, anarudi jua limezama. Uji umepikwa asubuhi, umetiwa kwenye chupa ya kunyonyea, na ili upite kwenye chuchu lazima uwe mwepesi kama maji. Anayemlisha ni dada yake wa darasa la pili, naye ana michezo yake. Mtoto akigeuza uso mara mbili, chupa inawekwa chini, inzi wanatua, saa nane anapewa ileile. Kwa mtu mzima anayeuliza, jibu ni "amekula". Mtoto wa miezi tisa na kuendelea anahitaji mlo mara tatu au nne kwa siku, uji mzito wa kijiko na bakuli, na mtu wa kumbembeleza. Tumbo lake ni dogo, ukilijaza maji umemshibisha bure.

Halafu choo. Kule milimani Mabatini na Igogo, hapa Mwanza mjini, shimo la choo linagonga mwamba kabla halijafika kiunoni, na mvua kubwa ikinyesha kuna wanaofungulia uchafu uteremke na maji. Unapita kwa jirani wa chini, unaishia ziwani, na ziwani watu wanachota. Huko Igombe sijui choo chenu kikoje, lakini angalia pia kinyesi cha mtoto mwenyewe, maana wengi wanakitupa nyuma ya nyumba wakiamini hakina madhara. Kuku nao wanalala ndani, mtoto anatambaa hapohapo na kila anachookota kinaenda mdomoni.

Akiharisha, hamu ya kula inakata na alichokula kinatoka. Kabla hajarudisha uzito anaharisha tena. Hata asipoharisha, vijidudu vya kila siku vinauchokoza utumbo hadi unashindwa kufyonza chakula vizuri. Mnamlisha, mwili haupati. Hii ni moja ya sababu mikoa inayolisha nchi kama Iringa na Rukwa inaongoza kwa udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao, na utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1990 UNICEF waliweka chakula, matunzo, na afya pamoja na mazingira kwenye mstari mmoja, kwamba kikikosekana kimoja mtoto anapata utapiamlo, na mpango wa lishe wa Iringa wa miaka ya themanini ulichangia fikra hiyo.

Wale mliomwandikia mkuu kwamba mtoto "kabemendwa", yaani eti amedhoofika kwa sababu wazazi walikutana kimwili akiwa bado ananyonya, tafadhali. Neno hilo limewafanya akina mama wengi wafiche watoto ndani kwa aibu badala ya kuwapeleka kliniki. Na baba naye yuko wapi siku ambazo hakwenda ziwani? Kulisha mtoto hakumpunguzii mtu uanaume.

Fanyeni hivi: chupa itupwe. Kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linalotiririsha maji kidogo kidogo, na sabuni viwe mlangoni mwa choo, maji ya kunywa yachemshwe, kuku wajengewe banda. Dagaa waoshwe mchanga, wakaushwe, watwangwe, wachekechwe, kisha watiwe kwenye uji wa moto. Kama bado ananyonya, aendelee hadi miaka miwili au zaidi.

Lakini bonyeza nyayo zake zote mbili leo. Zikibonyea na kubaki na shimo, au utepe wa kliniki wa kupimia mzunguko wa mkono ukisoma nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, msijaribu chochote nyumbani, mpelekeni hospitali leo hii.

Nijibu: ana miezi mingapi, na mchana anabaki na nani?