Macho ya mama mwenye sukari: miwani isubiri, retina isisubiri

Dada wa Kadutu, umeuliza kama umnunulie miwani mipya mama yako mwenye kisukari, anayeona ukungu: usimnunulie bado. Ukungu unaokuja leo na kuondoka kesho mara nyingi ni sukari inayopanda na kushuka: lenzi ya jicho inavimba, kipimo cha miwani kinabadilika. Sukari itulie kwanza wiki 4 hadi 6, ndipo apimwe.

Kinachopofusha hasa ni retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, nayo huharibika kimya kimya, mtu bado anasoma Biblia vizuri. Kusoma herufi za ukutani hakutoshi kabisa! Daktari wa macho amtie matone ya kupanua mboni, achunguze nyuma ya jicho. Kwa kisukari cha aina ya 2, uchunguzi huu hufanywa mara tu ugonjwa unapogunduliwa, kisha kila mwaka. Baada ya matone ataona ukungu saa kadhaa, basi umsindikize, hasa kwenye miteremko yetu ya Bukavu.

Nyumbani, kila wiki: avae miwani yake, afunike jicho moja, atazame kalenda ileile kwa umbali uleule, kisha jicho la pili. Wengi hawafuniki, jicho lenye afya likaficha lenye ugonjwa. Nondo za dirisha zikionekana zimepinda, aende kwa daktari wa macho, asingoje wiki ipite. Vidoa vyeusi vingi vya ghafla, au kitu kama pazia: hospitali leo leo.