Uliza tarehe kwanza: kwa wanaoanza kujitolea kituo cha msaada wa kisheria

Anayeanza kujitolea huja na hamu ya kujibu. Mteja hajafika katikati ya maelezo, tayari ameshatajiwa haki zake. Hamu hiyo ndiyo ya kwanza kuizuia. Wengi wanaofika kituoni haki wanayo. Kilichowapita ni muda, au hawana karatasi, au wamekuwa wakigonga mlango usiohusika. Kazi yako ya miezi ya mwanzo ni kuvitafuta hivyo vitatu, na muda ndio unaotangulia, kwa sababu karatasi iliyopotea huweza kutafutwa, ila siku zikishapita kuzirudisha ni shughuli pevu. Yanayofuata ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na mahakama zake, Mahakama ya Kadhi ikiwemo.

Kwanza jua umesimama wapi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua msaidizi wa kisheria: anatoa elimu ya sheria, anamwelekeza mteja kwenye chombo kinachohusika, anamsaidia kufuatilia nyaraka, anawashauri wanaogombana wapatane. Hasimami mahakamani kumwakilisha mtu, wala hatozi ada. Wateja watakuita mwanasheria au wakili. Rekebisha hapo hapo: "Mama, mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Nitakuelekeza na nitakusaidia kupanga karatasi, lakini mbele ya hakimu utajieleza mwenyewe, au tukutafutie wakili." Ukiliacha lipite kwa aibu, siku ya shauri mtu huyo atakusubiri kwenye kibaraza cha mahakama akiamini utamsemea.

Shukrani nayo ina mtego wake. Mtu atakuletea mayai, au atakusukumia elfu mbili ya soda. Hana nia mbaya, lakini kesho jirani yake atasikia kwamba pale lazima uende na kitu, na asiye na kitu hatakuja. Kataa kwa heshima: "Ahsante sana baba, hapa huduma ni bure. Hiyo itakufaa nauli siku ya wito."

Mezani, anza na salamu kamili. Mzee hupewa shikamoo yake hata kama foleni ni ndefu. Kisha mwache aseme mpaka mwisho, kalamu ikiwa chini. Dakika kumi zinatosha kwa wengi, na mtu aliyesikilizwa mara moja bila kukatizwa hujibu maswali kwa utulivu zaidi. Duru ya pili ndiyo ya kuandika, na hapo swali lako ni moja lenye sura nyingi: lini? Barua uliipokea lini? Uliambiwa usije kazini lini? Hukumu ilisomwa lini, na ulikuwepo?

Majibu hayatakuja kwa tarehe. Utaambiwa "baada ya mfungo", "tulipokuwa tunavuna mpunga", "kabla ya msiba wa shemeji". Usimsukume mtu ataje siku asiyoikumbuka, maana atabuni ili kukuridhisha, na tarehe ya kubuni ikiingia kwenye fomu itamfunga. Andika maneno yake yalivyo, halafu pembeni uandike tarehe unayokadiria na neno "takriban". Mfungo wa Ramadhani husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo uwe na kalenda ya mwaka husika, usikisie. Kisha tafuta kinachoweza kuthibitisha: ujumbe wa muamala wa simu, risiti, kadi ya kliniki ya mtoto, mhuri kwenye barua. Ujumbe mmoja wa mshahara wa mwisho ulioingia kwenye simu umeshaokoa madai ambayo hayakuwa na mkataba wa maandishi. Mwambie mteja asiufute, na muuandike kwenye faili ukiwa na namba yake ya muamala.

Sasa siku zenyewe. Aliyeachishwa kazi na anaona ameonewa ana siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, zikihesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa au tarehe mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Madai mengine ya kazi, kama mishahara iliyolimbikizwa, ni siku 60. Mfanyakazi wa ndani naye ni mfanyakazi. Ila aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri yule hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo halali. Usimfungulie dai hilo, angalia anachodai kingine.

Wanaochelewa kwenye hizi siku 30 si wavivu. Wengi wamesubiri kwa sababu bosi alisema "tulia, tutakuita", wakaogopa kuharibu uhusiano. Mweleze mteja kwamba mazungumzo na mwajiri yanaweza kuendelea huku fomu ikiwa imeshafikishwa CMA, lakini mazungumzo hayasimamishi saa. Zikishapita, itabidi ajaze fomu CMA F2 kuomba aongezewe muda, na hapo atatakiwa kueleza kila siku ya kuchelewa kwake, si kusema tu kwamba alikuwa mgonjwa.

Fomu ya kufungulia ni CMA F1. Ina vipengele viwili vinavyowaangusha watu. Cha kwanza, Sehemu B ni ya waliofukuzwa tu. Anayedai mshahara peke yake akiijaza anachanganya madai yake mwenyewe. Cha pili, fomu lazima imfikie mwajiri kwanza, na uthibitisho wa kuipokea uambatishwe inapopelekwa CMA: nakala yenye saini na mhuri wa ofisi, au stakabadhi ya posta kwa barua ya rejista. Mlinzi wa getini akikataa kupokea, tumieni posta siku hiyo hiyo badala ya kurudi getini wiki nzima. Na kila anachoomba mteja kiandikwe humo: malimbikizo, likizo ambayo haikulipwa, notisi, nauli ya kurudi alikoajiriwa, cheti cha utumishi. Kisichoandikwa kwenye F1 ni vigumu kukidai baadaye.

Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Anayekuambia "hukumu imetoka juzi, nangoja nakala" mwambie aiombe kwa barua leo, na nakala ya barua hiyo igongwe mhuri wa masjala wenye tarehe. Barua hiyo ndiyo itakayomtetea ikionekana amechelewa.

Kwenye ndoa, ombi la talaka mahakamani huambatana na hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa inayosema limeshindwa kuwapatanisha, na hati hiyo isiwe imepita miezi sita tangu itolewe. Kuna wanaoipata, wanakaa nyumbani mwaka mzima wakitumaini mambo yatatulia, kisha wanakwenda nayo mahakamani. Inabidi warudi barazani. Na mama wa nyumbani anayesema "mimi sina changu, mali yote ni ya mume", mweleze taratibu kwamba tangu shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kazi za nyumbani kuwa ni mchango katika mali ya ndoa. Mchango huo huthibitishwa, kwa hiyo mwulize alifanya nini: alilea nani, alisimamia ujenzi gani, alilima shamba lipi, nani alimwona.

Mirathi ina siku zake pia. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali ndani ya miezi minne, kwa Fomu Na. V, kisha hesabu za ugawaji kwa Fomu Na. VI. Wengi wakishashika barua ya uteuzi huiona kama hati ya kumiliki nyumba. Sivyo, na hili liseme mapema, siku ile ile familia inapokuja kuuliza namna ya kufungua: msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni, hugawa, kisha hufunga. Waje na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye majina na saini, maana mahakama nyingi huuliza. Kama marehemu aliishi kwa taratibu zisizo za kimila wala za Kiislamu, Mahakama ya Mwanzo si mahali pake.

Ardhi ndiyo itakayokuchukulia siku nyingi, na ndiko mlango unakokosewa zaidi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui nani mwenye shamba. Likishindwa hutoa hati, na mteja huenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 tangu shauri lifike kata bila suluhu, anaruhusiwa kwenda wilayani bila hati hiyo, ila awe na ushahidi wa siku aliyolipeleka. Ukiwekewa mezani karatasi ya kata inayompa mtu ushindi, usisome ushindi, soma tarehe: ya kabla ya mabadiliko au ya baada? Vilevile hati ya mauziano ya shamba la kijijini ambayo halmashauri ya kijiji haikuidhinisha ina kasoro kubwa hata ikiwa na mashahidi kumi. Mahakama zimebatilisha mauziano ya namna hiyo. Na anayedai shamba alilonyang'anywa zamani, hesabu naye miaka: kikomo cha kudai ardhi ni miaka 12.

Kuhusu karatasi zenyewe. Zitakuja kwenye bahasha ya kaki iliyochoka, zimekunjwa pamoja: kadi ya CCM ya marehemu, risiti ya mabati, wito, picha ya harusi. Zimwageni mezani mbele yake na mzipange kwa tarehe, ya zamani chini, ya karibuni juu. Toa nakala, kisha mrudishie halisi zote mkononi, moja moja, ukizihesabu kwa sauti. Kituo kisibaki na karatasi halisi hata kwa usiku mmoja. Zikipotea kwako hakuna fomu ya kuomba radhi itakayorudisha barua ya toleo ya kiwanja. Usizipige picha kwa simu yako binafsi: kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, picha ya cheti cha ndoa cha mtu haina kazi katikati ya picha zako.

Soma naye kila wito, hasa ulioandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kimefanywa lugha ya mahakama tangu 2021, lakini karatasi za Kiingereza bado zipo. Penye 9:00 a.m. mteja husoma tisa, akafika saa tisa alasiri wakati shauri lake liliitwa saa tatu asubuhi. Likifutwa kwa kutohudhuria, ni maombi mapya na nauli mpya. Mwandikie kwa mkono wako juu ya nakala: "Jumanne, saa 3 asubuhi, fika saa 2." Mwombe akurudishie alivyoelewa. Asiyejua kusoma asomewe maelezo yake yote kabla ya kuweka dole gumba, na kama amekuja na kijana wa kumsomea, kijana naye asikie.

Aliyesindikizwa ni jambo la kuangalia. Mke aliyekuja na mume, au bibi aliyeletwa na mpwa anayetaka kiwanja, aongee nawe peke yake angalau mara moja. Usiombe ruhusa ya msindikizaji. Sema ndio utaratibu wa kituo, na uwe kweli utaratibu wa kila mtu. Kabla hujasikiliza, tazama rejista kama mpinzani wake alishahudumiwa hapo. Kijiji ni kidogo, hutokea. Ukishamshauri mmoja kumshinda mwenzie, huwezi kumshauri wa pili. Mpeleke kwa mwenzako au kituo kingine, bila kumwambia sababu yenye jina la mtu.

Yapo mambo yasiyosubiri duru ya pili wala foleni. Aliyepigwa au kubakwa haandikiwi barua ya usuluhishi, na wewe si mtu wa kumpatanisha na aliyemtenda, hata wazee wa ukoo wakikuomba. Ni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, PF3 (fomu ya polisi ya kupelekea hospitali), na hospitali siku hiyo hiyo. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, huko hupata yote pamoja. Asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kupimwa. Mtoto akiwa hatarini, ipo namba 116, na Afisa Ustawi wa Jamii ajulishwe. Msindikize, au mtafutie wa kumsindikiza, usimpe tu maelekezo ya njia.

Kila jioni kabla ya kufunga, pitia mafaili ya siku na uandike juu ya kila moja vitu viwili: tarehe ya mwisho ya hatua inayofuata, na nani anayeifanya, mteja au kituo. Tarehe hizo ziingie kwenye daftari moja linalokaa ofisini, si kwenye simu yako, kwa sababu kesho unaweza kuwa na homa na mwenzako ndiye atakayefungua mlango. Zenye siku saba au pungufu zipigiwe mteja asubuhi yake, kwa namba aliyosema ni salama kupigiwa.