Samora alikuwa nesi kabla ya kuwa kamanda

Uliyeuliza kama Samora Machel alianzia jeshi la Mreno: hapana kabisa. Alikuwa nesi hospitalini Lourenço Marques, Maputo ya leo. Mwaka 1963 alitoroka akaja Dar es Salaam kujiunga na FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, akapelekwa Algeria kwa mafunzo ya kijeshi, kisha akawekwa kambi ya Kongwa, Dodoma. Filipe Magaia, kamanda wa jeshi la FRELIMO, alipouawa mwaka 1966, jeshi hilo likawa chini ya Samora. 1970 akashika chama kizima, na 25 Juni 1975 akawa rais wa kwanza wa Msumbiji. Mimi namheshimu zaidi kwa Nachingwea, kambi ya FRELIMO kusini mwa Tanzania: pale wapiganaji walilima na kusoma, si kulenga shabaha tu, na kuanzia 1967 wasichana nao wakafundishwa bunduki.