Maswali ya Wasomaji: Mabishano ya Vivinjari Katika Duka la Kuchapa

SWALI: Papa Mhariri, nakusalimu. Ninaendesha duka dogo la kuchapa na kupiga fotokopi katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Nina kompyuta nne za zamani zenye Windows 7, na kila moja ina memori ya gigabaiti 4. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaokuja kujaza fomu za chuo, kufungua barua pepe na kuchapa karatasi zao. Mimi nimetumia Firefox kama kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, tangu nilipojifunza kazi hii, lakini mpwa wangu anayenisaidia ameiondoa katika kompyuta mbili na kuweka Chrome, akidai kwamba Firefox ni kitu cha wazee. Mke wangu anatucheka sote wawili, kwa sababu yeye husoma habari kwa Opera Mini kwenye simu, na mega zake za intaneti hudumu juma zima wakati zetu zinakwisha siku ya tatu. Yupi kati yetu anayesema kweli?
(Msomaji wa komini ya Kenya)

JIBU: Ndugu yangu, nianze na mama wa nyumbani, kwa kuwa ndiye pekee aliyeleta hoja inayoweza kupimwa kwa faranga. Kivinjari cha kawaida huenda chenyewe hadi kwenye tovuti na kukuletea kila kilichomo, zikiwemo picha kubwa na matangazo ambayo hukuyaomba. Opera Mini, iliyotolewa kwa ulimwengu mzima mwaka 2006 na kampuni ya Opera kutoka Norwe, hufanya kazi kwa njia nyingine: ombi lako linakwenda kwanza kwenye seva za Opera, yaani kompyuta zake kubwa, seva hizo ndizo zinazofungua ukurasa, zinaubana, kisha zinautuma kwenye simu ukiwa umepungua uzito. Kwa hiyo mega zinabaki kweli, wala mama hajidanganyi.

Hata hivyo, anapochagua kiwango cha juu kabisa cha kubana, yaliyomo katika ukurasa yanapita mikononi mwa mtu wa tatu kabla ya kumfikia, hata kama tovuti yenyewe imelindwa. Zaidi ya hayo, kurasa nyingi zenye fomu ndefu na vitufe vya kubonyeza hugoma au huonekana zimevunjika. Kwa kusoma habari, aendelee bila wasiwasi. Kwa nenosiri la benki na kwa fomu ya chuo, atumie kivinjari kingine.

Sasa mpwa wako. Chrome ilitolewa na Google mwaka 2008, na leo takriban theluthi mbili ya matumizi ya vivinjari duniani ni yake. Wingi huo una faida ambayo wewe dukani unaihisi kila siku: watengenezaji wa tovuti huijaribu kazi yao katika Chrome kwanza, na wengine hawaijaribu kwingine kabisa, hivyo fomu iliyokataa kufunguka katika Firefox inaweza kukubali huko. Tangu mwanzo Chrome iliutenganisha kila ukurasa uliofunguliwa na mwingine, ili mmoja ukianguka usiiangushe mingine, na gharama ya utaratibu huo ni memori. Usifurahi mapema lakini, kwa maana Firefox nayo ilianza kufuata njia hiyo mwaka 2016, na mwenye gigabaiti 4 akifungua kurasa ishirini kwa pamoja atalia katika vivinjari vyote viwili.

Hilo la wazee na vijana ndilo lililonifanya nitabasamu. Kijana anayehama kutoka Chrome kwenda Opera, kisha Edge, kisha Brave, akiamini kwamba anachagua upya kila mara, hajatoka uani. Opera iliiacha injini yake yenyewe, yaani sehemu ya kivinjari inayoigeuza lugha ya tovuti kuwa ukurasa unaoonekana, mwaka 2013, Microsoft ikafanya vivyo hivyo kwa Edge mwaka 2020, na zote mbili pamoja na Brave zimejengwa juu ya Chromium, msingi ule ule wa Chrome ambao Google ndiyo inayoushika kwa nguvu zaidi. Ni kama magari ya usafiri yaliyopakwa rangi tofauti huku injini zikiwa zimetoka kiwanda kimoja. Firefox, yenye injini yake inayoitwa Gecko, ni miongoni mwa wachache waliobaki nje ya ua huo.

Je, jambo hilo linamhusu mwenye duka la fotokopi? Naamini linamhusu, kwa sababu tumekwisha kuona kinachotokea pale mmoja anapobaki peke yake uwanjani. Microsoft ilitoa Internet Explorer 6 mwaka 2001, na kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji walikuwa mikononi mwake, haikutoa toleo la 7 hadi mwaka 2006. Miaka mitano watumiaji wake walikaa na kivinjari kilekile, pamoja na mapengo yake ya usalama. Aliyeiamsha Microsoft ni Firefox, iliyotoka rasmi Novemba 2004. Nakiri pia doa la upande wako, ndugu yangu: sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla, wenye Firefox, hutokana na malipo ya Google ili iwe mtambo wa kutafuta unaotangulia ndani ya Firefox. Mtu anayekula kwenye sahani ya mshindani wake hawezi kupiga kelele apendavyo.

Kuhusu mega za dukani, Firefox ina silaha ambayo mpwa wako ameitupa bila kujua. Kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari) kiitwacho uBlock Origin huzuia matangazo yasipakuliwe kabisa, na tangazo lisilopakuliwa halili mega. Chrome imebadilisha kanuni za viendelezi vyake kiasi kwamba hicho hakifanyi tena kazi ndani yake, na amebaki mdogo wake dhaifu tu, uBlock Origin Lite. Katika Firefox kinaendelea, hata kwenye simu za Android, ambako Chrome haikubali viendelezi hata kimoja.

Lakini jambo linalonitia hofu katika barua yako ni lile ulilolitaja kwa kupita tu: Windows 7. Toleo la mwisho la Chrome kwa mfumo huo ni la 109, la Januari 2023. Kwa hiyo katika kompyuta zile mbili mpwa ameweka kivinjari kisichozibwa tena matundu yake, na wanafunzi wanaandika humo manenosiri yao. Mozilla imeutolea mfumo huo marekebisho ya usalama kwa muda mrefu zaidi kupitia Firefox 115, ingawa nao hauwezi kubebwa milele. Chagua siku isiyo na wateja wengi, uhifadhi mafaili yako, uweke Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure na unaenea katika gigabaiti 4, kisha uweke Firefox na Chrome kwa pamoja, zote zikiwa mpya. Firefox iwe ya kazi ya kila siku, na Chrome ingoje fomu zinazogoma.

Katika Chrome, mwanafunzi akae daima katika hali ya mgeni, na Firefox uiamuru ifute vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha ili kumtambua mtumiaji, kila inapofungwa, ili anayefuata asikute barua za mwenzake. Mafaili yaliyopakuliwa hayafutwi kwa njia hizo. Diploma na vitambulisho vya watu vinabaki katika folda, na kuvifuta jioni kabla ya kufunga mlango ni kazi ya mkono wako.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, naishi Kampemba. Nimeweka Chrome kwenye iPhone yangu ili iwe na kasi kuliko Safari, kivinjari kilichokuja na simu, ila sioni tofauti. Nimekosea wapi?
(Msomaji wa Kampemba)

JIBU: Hujakosea popote, binti yangu. Apple ililazimisha kila kivinjari cha iPhone kitumie injini yake, WebKit, na sheria za Umoja wa Ulaya zilizolegeza kamba hiyo mwaka 2024 hazifiki Kampemba. Chrome uliyoiweka ni Safari iliyovaa koti la Google. Ibakize kama unataka nenosiri na kurasa zako zikufuate kutoka kwenye kompyuta. Kama sivyo, ifute upate nafasi ya picha.