Jibu kwa aliyenunua PlayStation 4 iliyotumika: michezo ninayoipenda na ninayoikwepa

Assalaam alaykum. Ndugu yetu wa Wete, Pemba, ameuliza jambo ambalo wengi wetu tumewahi kujiuliza. Amenunua PlayStation 4 (PS4), mashine ya michezo ya video, iliyotumika, anaishi nyumba moja na mkewe na wadogo zake, bando lake si kubwa, na muuzaji amempa orodha ndefu ya diski achague. Anataka kujua ipi inafaa na ipi ni kupoteza fedha. Walionitangulia wamemtajia michezo yenye picha nzuri zaidi, na sina ugomvi nao. Mimi nina kipimo chengine, nacho ni hali ya yule anayengoja zamu yake.

Nimekulia Chake Chake katika miaka ambayo mashine za PlayStation 2 zilikuwa za kuhesabu, na karibu zote zilikuwa katika vibanda vya kulipia. Walioshika pedi walikuwa wawili, waliongoja walijaa benchi hadi mlangoni, na aliyefungwa alitoka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya saa zangu za michezo hii nilizitumia nikitazama, na mchezo uliokuwa mzuri kwa mchezaji lakini mchovu kwa mtazamaji haukudumu pale hata wiki. Bao limedumu kwetu kwa njia hiyohiyo: barazani hukosi wazee ambao hawakugusa kete jioni nzima na bado watakueleza nani aliipoteza nyumba yake mapema na kwa nini.

Nianze na mpira, kwa sababu huko ndiko kwenye mabishano. Mimi ni mtu wa Pro Evolution Soccer (PES), na sioni haya kusema kwamba ule wa sita, uliotoka 2006, bado sijaona wa kuufikia. Konami, kampuni iliyoutengeneza, hawakuwa na leseni za klabu nyingi za Uingereza, hivyo Liverpool iliandikwa Merseyside Red na Chelsea ikaandikwa London FC, nasi tukaizoea ligi ile kwa majina hayo bila ya kulalamika. Lakini mpira wenyewe ulikuwa na uzito, pasi ilipotea kweli, na beki mzembe aliadhibiwa. Adriano wa Inter akipata nafasi nje ya kumi na nane, benchi zima lilinyanyuka kabla hajapiga, kwani kila mmoja alijua guu lile la kushoto linafanya nini. Anayengoja alikijua kinachokuja na bado alitaka kukiona, na sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa mchezo wowote.

Mwaka 2021 Konami waliliacha jina hilo wakatoa eFootball, ambao haununuliwi lakini umejengwa juu ya intaneti. Kwa mwenye bando dogo siupendekezi sebuleni. Uweke kwenye simu ukitaka. Kwa mashine yako tafuta diski ya PES ya miaka ya mwisho, au FIFA, ambao tangu 2023 unaitwa EA Sports FC baada ya EA, kampuni inayoutengeneza, kuachana na shirikisho lenye jina lile. Usihangaike na toleo jipya. Vikosi vitakuwa vya misimu iliyopita, lakini mechi ya watu wawili kwenye kiti kimoja haihitaji mtandao, na tofauti ya uchezaji kati ya toleo na toleo ni ndogo kuliko tofauti ya bei.

Kitu kimoja cha FIFA ninachokuonya nacho ni ile sehemu ya Ultimate Team, ambamo unakusanya wachezaji kwa kufungua pakiti, na pakiti zinaweza kununuliwa kwa fedha halisi bila ya kujua ndani mna nani. Mamlaka za Ubelgiji ziliona mwaka 2018 kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari kwa sheria zao, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo. Mimi si mufti, lakini mtu anayetoa fedha asijue atapata nini hahitaji fatwa ndefu ili aingiwe na shaka. Na hata tukiliweka kando suala la dini, hebu fikiria mdogo wako aliyekaa pembeni akingoja mechi: anamtazama kaka yake akifungua pakiti, akiuza kadi, akipanga orodha, na saa inakwenda.

Sasa nije kwenye mchezo ambao ningependa kila nyumba iwe nao, nao ni Tekken, mchezo wa kupigana wawili kwa wawili, mmoja dhidi ya mmoja. Kwa PS4 ni Tekken 7, uliofika kwenye mashine za nyumbani mwaka 2017. Uzuri wake unaanzia kwenye pedi yenyewe: vitufe vinne vya kulia ni viungo vinne vya mwili, yaani mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto na mguu wa kulia. Mtoto ambaye hasomi Kiingereza hata neno moja anauelewa kwa dakika chache, ilhali aliyeucheza miaka kumi bado ana la kujifunza. Wale wa umri wangu mtamkumbuka Eddy Gordo wa Tekken 3, Mbrazili anayepigana kwa kapoera, mapigano ya kwao yanayofanana na ngoma, ambaye mtu aliyevibonyeza ovyo vitufe vya miguu alimgeuza tufani na akamtoa bingwa wa kibanda kwa aibu. Wakongwe walimchukia Eddy. Mimi nilimpenda, kwa sababu alimpa mgeni nafasi ya kubaki kwenye kiti, na kibanda kisichobakisha wageni hubaki na mabingwa wake tu.

Tekken 7 umeongeza jambo moja ambalo nadhani lilibuniwa na mtu aliyewahi kukaa benchi. Wachezaji wote wawili wakiwa wamebakiwa na uhai kidogo sana, na wakarusha mapigo kwa wakati mmoja, picha inapunguzwa mwendo: ngumi inakwenda pole pole, mguu nao unakuja pole pole, na hakuna ajuaye kipi kitafika kwanza. Sebule nzima inanyamaza. Halafu mmoja anaanguka na kelele zinafika kwa jirani. Raundi haivuki dakika moja kwa kawaida, kwa hiyo anayengoja hangoji sana, na aliyepigwa anaondoka akijua ni nini hasa kilichompiga.

Michezo ya hadithi ya mchezaji mmoja ni suala jengine, na hapa mkeo na wadogo zako ndio watakaokuwa waamuzi. God of War wa 2018 unatazamika kama filamu. Kamera haikatwi tangu mwanzo hadi mwisho, na uhusiano wa Kratos na mwanawe Atreus, baba asiyejua kusema maneno laini na mtoto anayeyangoja, unawagusa hata wasiopenda mapigano. Ni wa kikatili, kwa hiyo watoto wakalale kwanza. Red Dead Redemption 2, uliotoka mwaka huohuo, mimi naupenda kuliko huo, lakini siwezi kumlazimisha mtu autazame. Unasafiri juu ya farasi katika Marekani ya 1899, unamlisha, unampiga brashi, ukimchuna mnyama unamchuna kweli mpaka ngozi itoke, na kila kitu kina mwendo wake wa taratibu. Kwa aliyeshika pedi ni raha. Kwa aliye kwenye mkeka ni mtu anapanda farasi. Faida yake kwako ni kwamba kwenye PS4 unakuja na diski mbili, hivyo sehemu kubwa ya mzigo wake mkubwa unaipata bila ya kugusa bando.

Grand Theft Auto V, mchezo wa majambazi wa mjini, sina haja ya kuueleza zaidi, wengi mnaujua. Umeandikiwa miaka 18 na maandishi hayo yanastahili kuheshimiwa, hasa katika nyumba yenye wadogo.

Assassin's Creed Mirage wa 2023 ndio ulionishangaza. Sikuwa mpenzi wa mfululizo huo, kwani umekuwa ukinenepa toleo baada ya toleo, lakini huu ni mfupi, na mji wake ni Baghdad ya zama za Abbasi, karne ya tisa. Ukauweka kwa sauti za Kiarabu, basi yeyote aliyepita chuoni ataanza kuokota maneno, na mzee wetu mmoja ambaye hana habari kabisa na michezo hii alikaa kitako kusikiliza wauzaji wa sokoni. Mwenye hamu zaidi atafute Origins wa 2017, wa Misri ya kale. Bayek, mhusika wake mkuu, sauti yake ni ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Huyuhuyu ndiye aliyeongoza Tales of Kenzera: Zau wa 2024, ambao una sauti za Kiswahili, ila kwa bahati mbaya PS4 yako haiuchezi.

Elden Ring, mchezo wa kupambana na majitu, watu wanausifu na sifa unastahili. Kwangu una kasoro moja ambayo wasifuji hawaitaji: hausimami. Ukibonyeza kitufe cha kusimamisha, dunia yake inaendelea na jitu linaendelea kukujia. Adhana ikisomwa, au ukiitwa utumwe dukani, uchague kufa au kuchelewa. Kwa anayeishi peke yake ni sawa.

Jambo la umeme nalo linahusika. Kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kutufikia mwaka 2010, Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na mchezaji wa San Andreas, toleo la zamani la Grand Theft Auto, ambao ulihifadhi safari yako pale tu ulipoirudia nyumba yenye alama ya diski, alijifunza subira kwa njia ngumu. Siku hizi michezo mingi hujihifadhi yenyewe. Hata hivyo usiilaze mashine katika hali ya usingizi usiku kucha. Izime kabisa, kwani umeme ukikatika ghafla wakati inaandika kwenye diski yake ya ndani unaweza kuiharibu data. Na kabla hujamlipa muuzaji, jaribu vijiti vya pedi: ukiviacha bila ya kuvigusa na mchezaji wa kwenye skrini akatembea mwenyewe, mwambie apunguze bei au abadilishe pedi.

Nimeuacha It Takes Two hadi hapa kwa makusudi. Ulitoka 2021 na hauchezeki na mtu mmoja, hata ukitaka. Ni wa mke na mume wanaotaka kuachana, wakageuzwa vinyago, na kila hatua inampa kila mmoja chombo kisichofaa bila ya chombo cha mwenzake: mume anarusha misumari ukutani na mke ananing'inia humo kwa nyundo, mbele kidogo mmoja anamwaga utomvu na mwengine anauwasha. Skrini imegawanywa, hakuna anayengoja, na ugomvi wa nani alichelewa kurusha msumari unaanza dakika ya tano. Mke wangu, ambaye hakuwahi kushika pedi, ndiye aliyenidai tuumalize.

Kwa hiyo, ndugu yangu, fedha ikitosha diski moja tu na wadogo zako ndio wanaokaa sebuleni kila jioni, chukua Tekken 7 na pedi ya pili. Ikiwa jioni ni zako na mkeo, chukua It Takes Two, na mpe yeye nyundo.