Wasomaji Wanauliza: Riboni au Kondensa Juu ya Dramu?

Barua nyingi za toleo hili zimetoka nyanda za juu kusini, na karibu zote zinazunguka jambo moja: dramu zirekodiwe kwa maiki gani.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Narekodi kwaya na bendi za injili hapa Mwanjelwa. Chumba cha dramu ni mita 4 kwa 3.5, na dari la jipsamu liko mita 2.4 kutoka sakafuni. Saundi kadi yangu ina matundu manne ya maiki. Maiki za juu ni kondensa mbili nyembamba. Kila nikirekodi, matoazi yanachoma masikio huku snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) imepwaya. Rafiki ananishauri niziuze ninunue riboni mbili. Nifanyeje? (Prodyuza, Mwanjelwa, Mbeya)

JIBU: Marahaba, ndugu yetu. Usiziuze. Shida yako ya kwanza iko kwenye vipimo na dari, na riboni mbili kwenye chumba hicho zinaweza kukuletea shida nyingine kubwa zaidi.

Ndani ya kondensa kuna kiwambo cha plastiki nyembamba kilichopakwa dhahabu, kimewambwa mbele ya bamba kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Sauti ikikisukuma, umbali kati yake na bamba hubadilika, na badiliko hilo hugeuzwa kuwa umeme. Kwa kuwa ni chepesi sana, huwahi kuitika: unasikia hata ncha ya fimbo ilipogusa toazi. Ubaya ni kwamba kondensa nyingi za bei nafuu zimepandishwa makusudi kati ya kilohezi 8 na 12 ili sauti ya mwimbaji ing'ae, na matoazi ya bei ya chini yamejaa kelele eneo hilohilo. Ndiyo maana yanachoma.

Riboni ni utepe wa alumini uliofinyangwa mikunjo midogo, unaoning'inia katikati ya sumaku. Royer R-121 ya Marekani ina utepe wa mikroni 2.5 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Coles 4038, iliyobuniwa na BBC huko Uingereza miaka ya 1950, ina utepe mwembamba zaidi ya huo. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70, hivyo linganisha mwenyewe. Sauti za juu kabisa riboni huzishusha taratibu, kwa hiyo toazi hutoka laini bila kukwaruza, na mwili wa snea na wa tomu (ngoma za kati) unabaki. Kwa hilo rafiki yako amesema kweli.

Sasa dari. Riboni husikia kwa umbo la nane: mbele na nyuma sawasawa, ubavuni karibu hakuna kitu. Ukiisimamisha mita 1.8 kutoka sakafuni, mgongo wake unaitazama jipsamu iliyo sentimita 60 tu juu yake. Sauti ya snea inaipita maiki, inagonga dari na kurudi ikiwa imetembea mita 1.2 zaidi, yaani imechelewa milisekunde 3.5. Tena inaingia kwa mgongoni, ambako umeme unaozalishwa ni kinyume cha ule wa mbele. Besi inapungua, na karibu na hezi 286 na 572 panatoboka mashimo. Dramu zinasikika zimekonda, na mtu anaishia kuilaumu maiki. Kondensa yenye umbo la moyo, inayosikia zaidi mbele kuliko nyuma, imelipa dari kisogo, kwa hiyo haiumii kiasi hicho.

Kabla ya kununua chochote, chukua kamba isiyovutika, ya katani au ya pamba. Nailoni itakudanganya. Mmoja abane ncha katikati ya ngozi ya snea, mwingine avute mpaka kwenye kichwa cha maiki ya kwanza, juu ya seti: sentimita 100. Funga fundo hapo. Maiki ya pili iweke ubavuni mwa tomu ya chini, juu kidogo ya ukingo wake, ikitazama upande wa haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu), na fundo lilelile liguse kichwa chake. Huu ni mpango unaojulikana kwa jina la fundi wa Uingereza, Glyn Johns, na kwa chumba chenye dari fupi unafaa sana kwa sababu maiki ya pili haitazami chini kutoka darini. Umbali ukipishana sentimita 30, snea inafika kwenye maiki moja milisekunde 0.9 baada ya nyingine, na ukizichanganya inajifuta yenyewe karibu na hezi 570. Hapo ndipo ulipo mwili wa snea. Upwayaji unaoulalamikia huenda wote umetokana na hilo.

Halafu angalia maiki iko usawa gani na toazi. Ikilingana na ukingo wake, kila toazi linapobembea litatoa mlio wa kwenda na kurudi. Ipandishe, au isogeze nyuma ya bega la mpigaji. Kwenye programu, shusha desibeli 3 kuanzia kilohezi 8 kwenda juu, si zaidi, la sivyo fimbo nazo zitapotea. Mwambie pia mpigaji aguse matoazi kwa upole na kuipiga snea kwa nguvu zaidi. Hakuna maiki inayoweza kurekebisha mizani ya mikono.

Ukishafanya hayo yote na bado unatamani ulaini, nunua riboni moja. Iweke mbele ya seti, mita 1 hivi kutoka ngozi ya mbele ya kiki (ngoma kubwa ya kukanyagwa), kimo cha kifua, na mgongoni pabaki angalau mita 1.5 kabla ya ukuta. Hapa umbo la nane linakuwa silaha. Zungusha maiki polepole huku mwenzako akigonga toazi linalokusumbua, na wewe ukisikiliza kwa hedifoni. Ubavu utakapolielekea, toazi litazama ghafla, na tomu na kiki zitabaki. Matundu yako manne yatatosha: kondensa mbili, riboni, na maiki ya dainamiki kwenye kiki. Ile ya kiki bonyeza kitufe cha kugeuza fezi (kinachopindua wimbi la sauti juu chini), sikiliza pande zote mbili, ubaki na upande wenye besi nene.

Ukitaka riboni juu ya seti licha ya yote, ning'iniza godoro la sponji la inchi 6 juu ya dramu, lenye upana wa kufunika seti nzima, na acha sentimita 10 kati yake na dari. Taa ziwe mbali nalo, maana sponji hushika moto upesi.

Siku ya kulinganisha maiki dukani au kwa rafiki, vichwa viwili vikaribiane, virekodi mapigo yaleyale kwa wakati mmoja, kisha sawazisha sauti kabla ya kusikiliza. Yenye sauti kubwa zaidi huonekana nzuri zaidi hata kama siyo.

SWALI: Kondensa yetu huanza kupasuka-pasuka asubuhi kama mahindi kikaangoni, hasa wakati wa mvua. Mchana inatulia. Je, imekufa? (Fundi wa sauti kanisani, Tukuyu)

JIBU: Haijafa, imelowa. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maiki iliyolala kwenye baridi ikiingizwa kwenye chumba chenye watu thelathini wanaopumua, hupata umande kama kioo cha gari. Kiwambo cha kondensa kimeunganishwa na ukinzani mkubwa mno, gigaohmu na kuendelea, kwa hiyo hata utando wa maji usioonekana unatosha kuvujisha umeme, na kila uvujaji ndio mpasuko unaousikia.

Kwanza hakikisha si waya. Badilisha waya, kisha utikise. Mlio ukija unapotikisa tu, tatizo ni lehemu au pini. Ukija bila kuguswa, ni unyevu.

Maiki iliyotoka kwenye baridi iache ndani ya boksi lake, limefungwa, dakika 30 hadi 60, mpaka ilingane joto na chumba. Umande utashika boksi badala ya kiwambo. Ndipo uitoe, uwashe fantomu ya volti 48 (umeme unaopelekwa kwenye maiki kupitia waya wake), na uiache robo saa kabla ya kurekodi, maana joto dogo la saketi linasaidia kukausha. Kuhifadhi, tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana na utie gramu 50 za silika jeli, ile ya kwenye vipakiti vya viatu. Yenye rangi hukuambia imeshiba: ya bluu hugeuka waridi. Usiisogeze maiki kwenye jiko la mkaa, usiipulizie mashine ya kukaushia nywele, na usikifute kiwambo hata kwa pamba.

Riboni haina chaji ya kuvuja, kwa hiyo unyevu hauifanyi ipasuke-pasuke hivyo. Adui yake ni chembe za chuma, kwa kuwa sumaku zake huzivuta hadi kwenye utepe. Usiiweke karibu na mahali panapokatwa au kusagwa vyuma.

SWALI: Nimesikia fantomu ikiwashwa riboni inaungua papo hapo. Nami kitufe cha fantomu kwenye saundi kadi yangu ni kimoja kwa matundu yote! (Mpiga dramu, Kihesa, Iringa)

JIBU: Si papo hapo, na si mara zote. Waya mzima wa XLR (waya wa maiki wenye pini tatu) hupeleka volti 48 sawasawa kwenye pini 2 na 3. Pande mbili zikilingana, hakuna mkondo unaopita kwenye utepe. Hatari ni waya wenye pini moja iliyokatika au iliyogusana na pini 1. Hapo mkondo unapita upande mmoja, na utepe unaweza kuvutwa ukalegea au kukatika. Chukua maltimita, iweke kwenye mlio: 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3 zilie, na namba tofauti zisilie kabisa. Waya wa riboni utie utepe mwekundu, usitumike kwa kazi nyingine. Zima fantomu, subiri dakika moja, chomeka maiki zote, ndipo uwashe kwa ajili ya kondensa. Usichomeke wala kuchomoa riboni fantomu ikiwa imewaka.

Kuna vifaa vidogo vya kuongeza nguvu vinavyokaa kati ya riboni na saundi kadi. Vyenyewe hula fantomu, haviipitishi kwa maiki, na vinaongeza desibeli 20 hadi 25. Kwa dramu, ambazo ni za kelele, nyongeza hiyo mara nyingi si ya lazima, lakini kinga unaipata. Angalia pia maelezo ya riboni yako: zile zenye saketi ndani, kama Royer R-122, zinahitaji fantomu ili zifanye kazi.

SWALI: Naweza kuingiza riboni kwenye tundu la kiki? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Hapana. Shika kipande cha karatasi ya chooni mbele ya tundu, mwenzako akanyage pedali. Karatasi ikipepea, upepo huo utaunyoosha utepe. Rudi nyuma mpaka karatasi itulie, mara nyingi sentimita 50 na zaidi, na uinamishe maiki kidogo. Haihati nayo hupuliza hewa pembeni inapofungwa, kwa hiyo usiielekeze riboni kwenye ukingo wake. Kazi ikiisha, ihifadhi ikiwa wima. Ikilala miezi, utepe hulegea kwa uzito wake wenyewe.

SWALI: Tunarekodi ngoma za ngozi nje, uwanjani. Huku upepo hauishi. (Kikundi cha ngoma, Makambako)

JIBU: Riboni ibaki nyumbani. Tumieni kondensa yenye koti la manyoya, mita 1 hadi 1.5 kutoka ngoma, mgongo wake ukielekea upepo unakotoka. Kateni sauti zote chini ya hezi 60 ikiwa ngoma kubwa haishuki hapo. Kama sindano ya kiwango inagonga nyekundu, washeni pedi (swichi ya kupunguza sauti) ya desibeli 10 kwenye maiki yenyewe, kwa sababu kupunguza geini (ukuzaji wa sauti) kwenye saundi kadi hakusaidii saketi ya maiki ikishalemewa. Ngozi zipasheni moto kabla ya kupanga maiki, kisha mzisikilize tena kila baada ya nusu saa. Kwenye baridi ya Makambako hulegea upesi, na vipande mlivyorekodi mwanzo na mwisho havitaungana.